Dume la Pole

Kaka yangu alikuwa baharia, ingawa sisi ni wafugaji na ukoo mzima hakuna anayejua kuogelea. Alifanya kazi kwenye boti ya mizigo pale Karema, kando ya ziwa, wakivusha mahindi kwenda Kongo. Siku moja wimbi liliisukuma boti, mguu wake ukabanwa kati ya boti na gati. Hospitali wakaukata chini ya goti.

Mwenye boti hakukimbia. Alikuja mwenyewe kijijini kwetu Litapunga na dume la ng'ombe, akamkabidhi baba mbele ya majirani. Tukalichinja, tukala pamoja naye. Kwetu, mkishakula ng'ombe wa pole, kesi imekwisha. Anayeifufua anaaibisha ukoo.

Mimi nauza mchele mjini, Kashaulili, na mdomo wangu haujui kutulia. Nikaenda ofisi ya kazi. Afisa, mama mmoja mpole, akanieleza: kaka ni mfanyakazi hata kama hakuandikiwa mkataba, mradi wapo wa kumtolea ushahidi. Ajali iripotiwe, daktari apime ulemavu.

"Na yule ng'ombe?" nikauliza.

"Ng'ombe ni utu wake, fidia ni haki ya mgonjwa. Havifutani. Ila asichelewe, dada. Muda ukipita, hata mimi sina la kufanya."

Nilikwenda Litapunga mbio. Kaka alinisikiliza huku akichonga mpini wa jembe.

"Nyama tumeshakula," akasema. "Baba nitamtazamaje?"

Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikapiga simu mpaka akaacha kupokea. Mkaidi! Nasema kweli, kuna siku nilimchukia. Mkewe alianza kulima vibarua kwenye mashamba ya watu, mtoto mgongoni, na bado mwanamume kakaa kimya. Kwa baba sikuthubutu. Binti hazungumzii ng'ombe waliopokelewa na wazee.

Muda ukapita. Siku niliyoambiwa ofisini kwamba basi tena, uchungu ulinizidi, nikaenda kummwagia baba yote.

Baba akauliza: "Kwani alitaka kwenda?"

"Alikuogopa wewe, baba."

"Mimi nilikuwa namngoja aniombe. Ng'ombe wa pole anarudishwa, mwanangu. Ningetoa dume zizini nimpelekee yule bwana, kesi ingefunguka. Nilidhani ameridhika."

Kaka alikuwa amekaa pale mlangoni, magongo yake ubavuni. Alisikia kila neno.