Amperi mbili katika chumba chenye kilifungwa

Leo nimepima umeme wenye sikuweza kuuzima.

Mimi ni fundi wa umeme. Nilikuwa mtaa wa Majengo, kwa mama mumoja anayeishi peke yake. Dijonkteri yake, ile swichi kubwa ya kukata umeme, inaanguka kila asubuhi.

Nilichomoa kila kitu: frigo, televizio, hata shaja ya telefone. Nikazima taa zote.

Lakini mashini yangu ya kupima ilionyesha amperi 2 bado zinapita.

Volti 220, ukigawanya kwa 2, ni omu 110. Ukizidisha, wati 440. Hapo nikajua kuna kitu kinawaka ndani ya nyumba.

"Mama, kuko chumba kingine?"

Akatoa ufunguo kwenye fundo la kitenge chake.

Ndani kulikuwa kitanda kimetandikwa vizuri, viatu vya mwanaume, na shofaji ndogo ya umeme inapasha kitanda joto. Waya yake ilikuwa imeanza kuyeyuka; ukiitikisa kidogo, dijonkteri inaanguka.

"Bwana yangu alienda Masisi kuona ng'ombe," mama akasema polepole. "Sasa ni mwaka wa tatu hajarudi. Yeye baridi inamusumbua sana."

Nilijua maneno ya kumwambia. Nyumba ni ya mbao, ingeweza kuungua naye ndani.

Sikuyasema. Nilibadilisha waya na prizi ya ukutani, nikawasha tena shofaji.

Wakati wa kuinuka niliegemea kitanda. Shuka zilikuwa na joto, kama mutu ameamuka sasa hivi.

Mama aliniona nikiondoa mukono haraka.

"Hata mimi," akasema, "kila asubuhi ninagusa hapo."

Mafundi wenzangu, ninyi mungeizima ile shofaji?