Aliyekataa Nyama ya Kilio

Yule mzee wa Kihindi niliyekuwa namfulia nguo alikuwa na duka la vitambaa karibu na bandari ya Kalemie. Kila alfajiri alikaa kwenye mkeka nyuma ya duka, amekunja miguu, ameziba tundu moja la pua kwa kidole. Mimi nilidhani ana mafua. Siku moja nikiwa nimeinamia beseni, pumu ikanikaba, na yeye badala ya kupiga kelele kama watu wa kwetu, akaketi mbele yangu akanionyesha jinsi ya kutoa pumzi polepole, ndefu kuliko ile niliyovuta. Tangu hapo akanifundisha. Aliiita hatha yoga, na hakuifundisha kwa kubembeleza. Kuamka kabla ya jua, kuoga maji baridi, kula mara moja tu kabla ya adhuhuri, bila nyama wala samaki, kunyoosha mgongo na viungo, kuhesabu pumzi, na mwishoni kulala chali kama maiti bila kutikisika. Biashara yake ilipokufa alirudi kwao. Mimi nikabaki na mkeka wake na masharti yake, na pumu yangu ikatulia.

Mtu wa Kalemie asiyekula mikeke, samaki wa ziwa letu! Majirani walinihurumia kama mgonjwa. Nilikula bukari, ugali wetu, kwa sombe ya majani ya muhogo au maharage, nikalala mapema, na sikumwomba mtu ruhusa.

Kisha ziwa likapanda, likaingia nyumbani kwangu na halikutoka. Nikahamia kwenye parseli, kiwanja alichotuachia baba, huko juu, alikokuwa akiishi kaka yangu na mke wake na binti yao mdogo. Mtoto yule alikuwa na pumu yangu mimi, pumu ya ukoo. Nilimfundisha kwa kumkalisha mapajani, mgongo wake kwenye tumbo langu, ahisi tumbo linavyojaa na kushuka, naye afuate. Kaka alinicheka: "Dada, unataka kutugeuza sisi wote Wahindi?" Lakini mtoto alipokabwa, ni kaka huyo huyo aliyekimbia kugonga mlango wangu. Mke wake alipoona mtoto anakosa hewa alipiga mayowe, na mayowe yalimfunga mtoto kifua zaidi. Katika parseli ile niliogopa kitu kimoja tu: mtoto akabwe, nami nisiwepo.

Aliyetangulia kuondoka ni kaka. Mvua za mwaka ule zilimwangusha na homa, homa ikaingia mapafuni. Hospitalini walifanya walichoweza. Siku ya mwisho alinishika mkono. "Dada, nionyeshe ile yako," akasema. Nikaweka kiganja chake juu ya tumbo langu, nikafumba macho, nikasogeza uso karibu na wake ili asikie pumzi yangu, tukaanza pamoja. Uso wake ukalegea. Akatoa pumzi moja ndefu, ndefu kuliko zote, nami nikangoja avute nyingine. Hakuvuta. Nilipofumbua macho, mke wake alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji.

Wifi yangu aliona alichoona: mume wake anakata roho, na dada mtu amefumba macho, mdomo wake karibu na mdomo wa mgonjwa. Sikumlaumu kwa wazo la kwanza, kwamba namnyonya pumzi. Hata mimi ningejiuliza.

Kwenye kilio tulilala wanawake wote juu ya mikeka uani. Nilishika masharti yangu, kwa sababu nikilia bila breki pumu hunirudia, na kuzika watu wawili kwa mpigo hakuna aliyekuwa na nguvu hizo. Asubuhi nilijificha nyuma ya jiko. Mama mmoja akanikuta nimelala chali kama maiti, macho yamefumbwa, katika nyumba ambayo maiti imetoka jana. Alikimbia na beseni lake kichwani.

Siku hiyo hiyo wakachinja mbuzi. Shangazi wa wifi akaniletea sahani.

"Unisamehe, Mama. Miye sikulake nyama."

Shangazi akairudisha sahani. Kisha sauti ikatoka upande wa masufuria: "Huyu haweze kula. Amekwisha kushiba."

Kwetu kila mtu anajua anayekataa nyama ya kilio amekula nini. Hadi leo wapo wanaoniuliza kwa nini sikuchukua hata kipande kimoja, nikatafuna, yakaisha. Nyumba yangu imeliwa na ziwa, kaka yangu ameliwa na udongo, kilichobaki kimesimama ni masharti yale. Sikuwa tayari kutafuna mbuzi ili kuonyesha kwamba sili watu.

Wifi na ndugu zake hawakuweza kunifukuza, maana parseli ni ya baba. Wakajenga uzio wa matete kati ya chumba changu na nyumba yao. Pasta akaja kupaka mafuta kwenye mlango wangu, eti kumfunga mulozi, mchawi. Mtoto akakatazwa hata kunisalimu. Kusemwa nilikuzoea, mdomo wa mtu si mtungi, utauzibaje? Nisichozoea ni kusikia kifua cha mtoto kikilia filimbi ng'ambo ya matete, na mama yake akikemea mapepo kwa sauti inayozidi kupanda. Mara moja nilisogea, nikaita. "Rudia kwako, mulozi!" wifi akapiga kelele, na filimbi ikawa kali zaidi. Nikarudi ndani. Nililia kwa hasira, na ilinibidi nikae kwenye mkeka ili nisikabwe na mimi.

Alfajiri moja mlango wangu ukagongwa.

"Wifi, fungula. Mutoto anakufa."

Mke wa kaka alikuwa mlangoni na mtoto mikononi; dawa yake ya kupuliza mdomoni ilikuwa imekwisha. Midomo ya mtoto ilikuwa ya majivu. Nikamwambia mama yake, "Kaa kimya. Ukilia, utoke inje." Akakaa, akang'ata kitenge chake. Nikamweka mtoto mapajani, mgongo kwenye tumbo langu, nikaanza. Muda mrefu hakufuata. Nilidhani wamemsahaulisha. Kisha nikahisi mbavu zake ndogo zinanitafuta, zinakosea, zinanitafuta tena, hadi zikanipata.

Kulipopambazuka nikasema, "Umupeleke hospitali sasa hivi, wamupe dawa. Hii yangu haitoshe." Akamfunga mgongoni. Mlangoni akasimama bila kugeuka.

"Usiambie mutu."

"Nitaambia nani?"

Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Mungu amemponya mtoto kwa maombi, akasema, na wapendwa waendelee kuomba dhidi ya mulozi wa nyumba ile, aliyemaliza baba wa mtoto na sasa anatafuta mbegu yake. Hakunitaja. Hakukuwa na haja. Vichwa viligeuka vyenyewe hadi kwenye benchi langu, karibu na mlango. Watoto wakaitwa mbele kuimba, na yule wa kaka yangu alikuwa katikati yao, mdomo wazi, anaimba hadi mwisho wa mstari bila kukatika.

Pasta akatutaka tuitikie ushuhuda. Nilikuwa na hasira ya kuweza kuvunja benchi. Lakini ningesimama nikasema ukweli, wifi angeaibika mbele ya kanisa zima, na siku mtoto akikabwa tena asingekuja kugonga.

Nikasema amina.