Nilijifanya Mtani wa Watu Hadi Makaburini

Nimekosa, ndugu zangu, na sina wa kumsingizia. Nilimtukana bibi wa watu kila asubuhi kwa msimu mzima, nikala ugali wake, na siku ya kumzika nikaharibu mazishi yake. Jina langu msilichapishe. Watu wa Iringa wanasoma sana magazeti, hata yale yaliyofungiwa vitumbua!

Mimi ni Mmalila wa milima ya Mbeya. Shule niliiachia darasa la tano, si kwa ujinga, ila dirisha la darasa letu lilitazama barabara. Baadaye nikawa nakaa kwa kaka yangu Iyunga, kando ya barabara kuu, na huko ndiko nilikoharibika kabisa.

Asubuhi moja shemeji alinituma kibiriti. Nikakuta lori limepasukiwa tairi, nikasaidia kupiga jeki. Utingo akaniuliza, "Na wewe unakwenda wapi?" Nikaona aibu kusema nakwenda kununua kibiriti. Nikamjibu, "Mbele." Akasema panda. Nikapanda.

Kibiriti kile shemeji anakingoja hadi leo!

Yule utingo alikuwa Mngoni wa Songea. Tulipoingia Iringa, kabla hata hajashuka, akampigia kelele mama mmoja muuza maandazi, "Wewe Mhehe! Mbona mji mzima sisikii mbwa akibweka? Mmeshamaliza kula wote?"

Nikajificha nyuma ya magunia nikingoja ngumi. Mama yule akacheka mpaka kanga ikamvuka.

"Mngoni mwizi! Babu yako alikimbia vita akaacha ngao kwetu. Leo umeifuata?"

Kisha akampa maandazi bure. Bure, jamani! Mimi niliyesema "shikamoo, mama" kwa adabu zote, nikauziwa.

"Hawa ni watani zetu," utingo akaniambia huku anatafuna. "Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaona bora watukanane. Mtani hakasirikiwi. Anaingia hata jikoni, anafunua sufuria."

Neno hilo la sufuria ndilo lililonipoteza.

Nilizunguka mji ule mchana kutwa nikishangaa. Watu wazima wananunua mchicha! Mtu ana saa mkononi, anaitazama, halafu anamwuliza jirani ni saa ngapi. Jua linawaka, wao wamevaa makoti wanasema leo kuna afadhali ya baridi. Na kila mlango niliobisha kuomba chumba, niliulizwa mambo matatu: kabila gani, nani amekuleta, unaondoka lini. Nikisema Mmalila, wananitazama kama nimetaja aina ya mboga wasiyoijua, mlango unafungwa taratibu kwa heshima.

Jioni nikafika Mlandege, kwa fundi cherehani mmoja aitwaye Baba Oliva. Alikuwa na chumba cha uani.

"Kabila gani, kijana?"

"Mngoni." Mdomo ulijibu kabla sijaushauri!

Uso wa Baba Oliva ukafunguka kama duka. "Mama! Njoo uone, adui ameingia nyumbani!"

Akatoka mama yake mzazi, kikongwe mfupi, amevaa koti refu la kijeshi lililomfika miguuni. Akanizunguka kama mtu anayekagua mbuzi. "Kweli ni Mngoni. Miguu yenyewe ya kukimbilia. Sema Kingoni tukusikie."

"Nimekulia Mbeya, bibi," nikasema. Hapo angalau sikudanganya.

"Hata lugha umekimbia ukaiacha!" Wakacheka wote. Nikapewa ugali na maharage, nikapewa mkeka. Kodi, Baba Oliva akasema tutaongea. Hatukuongea kamwe.

Balozi wa nyumba kumi alipokuja kuuliza, maana siku zile wazururaji walikuwa wanakamatwa, Baba Oliva alimwambia tu, "Huyu mtani wangu." Balozi akakunja karatasi zake, akanitukana kidogo kwa niaba ya mtaa, akaenda zake. Nchi nzima watu wanaulizwa vitambulisho, mimi kitambulisho changu kilikuwa matusi.

Basi nikajifunza kazi. Asubuhi nikitoka chumbani, bibi yupo jikoni ananingoja. "Mwizi ameamka! Hesabuni kuku!" Nami ninajibu, "Wewe gunia la mifupa bado upo? Nilidhani upepo wa usiku umekubeba." Anacheka mpaka anakohoa. Halafu anaingiza mkono katika lile koti, anatoa mahindi ya kukaanga yaliyofungwa kwenye karatasi ya sukari, ananirushia. "Kula, mwizi. Ukifa na njaa watasema tumekuua sisi."

Nilimpenda yule bibi. Hilo ndilo kosa la pili, na ndilo lililonikamata.

Siku moja alisema mbele ya wote, "Nikifa, huyu Mngoni asinililie. Anicheke. Nataka niondoke watu wakicheka." Nikamwambia usijali, nitacheka hata kabla hujafa. Nilijua lini mimi! Nilidhani ni maneno ya kushibia ugali tu.

Bibi akafa wakati wa mvua, usingizini.

Nyumba ikajaa. Nikaanza kutafuta sababu ya kwenda sokoni, sokoni kwenyewe karibu hakuna mtu, wengi wako msibani. Jirani mmoja akauliza, "Mtani mmeshamtafuta?" Baba Oliva, macho mekundu, akanionyesha kwa kidole. "Wa nini kutafuta? Tunaye ndani ya nyumba. Mama mwenyewe alimchagua."

Mama yangu! Miguu ile ya kukimbilia iligoma.

Wakanieleza. Mtani anavaa nguo ya marehemu, anatembea alivyotembea, anasema alivyosema. Anaziba kaburi, anadai apewe kitu ndipo aruhusu azikwe. Watu wanacheka, na wakishacheka ndipo mioyo inakubali. Bila mtani wanaona msiba haujafungwa.

"Kwenu Songea ni hivihivi?" akaniuliza Mama Oliva, mke wa mwenye nyumba.

"Hivihivi kabisa," nikasema. Nilikuwa nimezama, nikazidi kupiga mbizi.

Makaburini katekista akasali, wakaimba, kisha kila mtu akanigeukia. Nikavaa lile koti. Nikaanza kujikongoja kama bibi. Wakaanza kutabasamu. Mtoto mmoja akacheka. Nikapata nguvu, nikasimama mbele ya kaburi, nikasema kwa sauti yake, "Mwizi ameamka! Hesabuni kuku!"

Kicheko kikalipuka. Nikaona kumbe nayaweza! Nikaingiza mkono mfukoni kama alivyokuwa anafanya.

Ndani yake kulikuwa na karatasi ya sukari, na mahindi.

Jamani. Alikuwa ameniwekea ya kesho.

Nililia. Sikulia kama mwanamume aliyeingiwa na vumbi. Nililia kwa sauti, nikapiga magoti kwenye tope nimevaa koti la marehemu. Watu kwanza walicheka zaidi, walidhani ni sehemu ya mchezo. Kisha kicheko kikafa kimoja kimoja.

Mdogo wake bibi, mwanamke mkavu kama kuni, akasogea mbele. "Mtani halii," akasema. "Huyu anayelia ni nani?"

Balozi naye akasogea.

"Mimi ni Mmalila," nikasema.

Jeneza likiwa pembeni, mvua ikaanza. Kijana akakimbizwa sokoni na baiskeli kumtafuta muuza nyama mmoja, Mngoni wa kweli. Watu wazima wakasimama wanalowa kwa ajili ya uongo wangu, bibi analowa pamoja nao. Hakuna aliyenipiga. Heri wangenipiga!

Muuza nyama akafika anahema, aproni yake ina damu. Akanivua koti bila kuniangalia, akalivaa, akaruka ndani ya kaburi, akapiga kelele kuelekea jeneza, "Wewe mzee! Umeona hasara ya kufa wakati wa mvua? Wamekuletea Mmalila akulilie! Sitoki humu mpaka nipewe jogoo. Tena mnene, maana kunitoa buchani siku ya nyama ni ghali!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, kisha wakalia, kisha wakazika. Kazi ya dakika chache, kwa mwenye haki nayo.

Jioni Baba Oliva alinikuta nafunga kifurushi. Nikaanza kusema, baba, nilikuwa mgeni, nilikuwa na njaa.

"Mgeni tunamlisha," akasema. "Mke wa mdogo wangu ni Mnyakyusa, tunakula naye. Sikukasirikii ugali." Akakaa juu ya mkeka wangu. "Ulimwita mama yangu gunia la mifupa."

"Ilikuwa utani, baba."

"Utani wa nani? Mtani akisema hivyo tunacheka. Wewe si mtani. Kumbe siku zote zile mtu baki alikuwa anakaa jikoni kwangu anamtukana mama yangu, na mimi nimesimama hapo nacheka."

Kila neno tulilochekea pale jikoni liligeuka tusi, na aliyeweza kunisamehe tulikuwa tumemzika mchana.

Niliondoka alfajiri, lori la kwanza, sikuuliza linakwenda wapi. Iyunga tulipita, nikainama. Nikashushwa Chunya, huko mvua bado, vumbi mpaka kwenye kope. Mama mmoja mwenye vyumba, amejifunga kilemba, akanitazama mlangoni.

"Kabila gani?"

Nikaushika mdomo kwanza. "Mmalila."

"Ndio akina nani hao?"

"Watu wa milimani, mama. Tunalima pareto."

"Hatujuani. Chumba kile pale, kodi unalipa leo. Chakula utajitegemea."

Nikalipa. Ukweli una kodi, tena ya mbele!

Vijana wenzangu mnaotangatanga, nawaomba. Ukifika mji wa watu, njaa ikikubana, omba. Fagia uwanja, chota maji, lala stendi. Lakini kabila la watu usilivae kama koti, kwa maana siku moja watakuambia ulifanyie kazi, na mbele yako kuna kaburi.

Mimi asubuhi ile ya kwanza Chunya nilitoka chumbani, nikakuta wapangaji wanaota moto uani. Wakanisalimia wote kwa adabu, mmoja baada ya mwingine. Hakuna hata mmoja aliyeniita mwizi.