Sahihisho Lililobaki Mezani Kwangu

Nilisikia viti vya plastiki vikiburutwa sakafuni kabla sijaona chochote. Lifti ya jengo lile la Bur Dubai ilikuwa mbovu kama kawaida yake, nami nilikuwa ngazini, baina ya ghorofa ya pili na ya tatu, kurasa za jarida zimo kwapani. Saa nne asubuhi, siku ya kazi, nani anapanga viti? Sisi tuliokulia katika nyumba za Waswahili wa huku tunaujua mlio huo. Ama kuna harusi ama kuna msiba, na watu wa harusi hawapangi viti bila kusemezana. Nilipofika juu nikakuta viatu vimejaa mpaka kwenye ujia, na binti wa bibi mwenye jarida amesimama mlangoni, kanga kaifunga kiunoni. "Mama katutoka alfajiri," akaniambia. "Wanaume wako kwenye karatasi za maziko. Ingia ukae." Sikuingia mara moja. Nilisimama na kurasa zangu, nikitafuta mahali pa kuzificha.

Wasomaji wangu mlioishi Dubai miaka mingi huenda mliwahi kulishika jarida lake bila kujua limetoka mkononi mwa nani. Kurasa nane za karatasi nyembamba, Kiswahili kitupu, likiachwa bure kwenye kaunta za migahawa yetu, kwenye saluni, kwenye makazi ya wafanyakazi. Alikuja hapa kutoka Unguja akiwa bibi harusi, na mumewe alikuwa na kiduka cha kuchapa kadi za mialiko. Mume alipofariki, mashine zile akazigeuza zichape habari za mboji na samadi, za chakula kisichopuliziwa dawa, za kupunguza sukari kwenye chai bila kununa. Wakati ule kilimo hai hakikuwa na rafu yake madukani, wala vifungashio vyake vya kupendeza, na watu walimcheka. Mtu akimwambia kwamba nchi hii ni mchanga mtupu, alijibu, "Na wewe ulipozaliwa ulikuwa na nini?" Mimi niliingia kwake nikiwa natafuta mtu wa kunichapia hadithi zangu. Nikatoka nikiwa mhariri wake, bila mshahara, na ndoo ya bamia mkononi.

Alikuwa na kanuni moja aliyoirudia karibu kila toleo: maji kidogo kila siku. Alilelewa katika nyumba ambayo bomba lilitoa maji saa chache tu, na mtoto aliyemwaga kata ya maji alisemwa mpaka magharibi. Kwake, kumwagia ardhi maji mengi kulikuwa ni utovu wa adabu mbele ya Mungu. Wasomaji wake wengi, Wakenya wa bara waliokuja kuwa walinzi na wahudumu wa hoteli, hawakuhitaji kushawishiwa. Walibeba madumu mgongoni tangu utoto, na hakuna kati yao ambaye angethubutu kuuliza kama kubana maji kunaweza kuwa kosa. Hakuna aliyeuliza, nami pia sikuuliza. Lakini maji ya visima vya huku yana chumvi. Ukiyatia kidogo kidogo, mmea hunywa sehemu yake, jua huchukua sehemu yake, na chumvi hubaki pale pale, siku baada ya siku, mpaka udongo unaota ukoko mweupe na mizizi inakufa. Ili kuuponya, kuna siku unapaswa kuyamwaga mengi, yaikokote chumvi chini kabisa. Ardhi hii ilitaka tufanye jambo ambalo sote tulichapwa kwa ajili yake.

Aliyetufumbua macho alikuwa mlinzi mmoja, mzaliwa wa upande wa Kitale, aliyekuwa akilinda ghala huko Dubai Investments Park. Msimamizi wa makazi yao alimruhusu kulima matuta matatu nyuma ya jengo, akitumia maji ya kisima yaliyoletwa na lori ya kuoshea mabasi. Alikuja Bur Dubai siku yake ya mapumziko, na mfuko wa udongo.

"Shosho, niambie hii ni nini," akasema, akimwita bibi kwa neno la kwao, akiuweka mfuko mezani. "Nimepanda sukuma wiki mara tatu. Inatoka vizuri, inakuwa njano, inakufa. Wenzangu siku hizi wananiita Daktari wa Jangwa."

"Samadi uliiwacha ikaiva?"

"Imeiva mpaka haina harufu."

"Na maji?"

"Kidogo kila asubuhi, vile uliandika. Hata nikitoka shifti ya usiku, silali kabla sijamwagilia."

Bibi akalowesha kidole kwa mate, akakichovya kwenye udongo, akaonja. Nilimwona akikaza taya. Yule mlinzi akacheka kidogo. "Ama ni mkono wangu tu? Kuna watu shamba huwakataa."

"Nenda kazini, mwanangu," akamwambia. "Ntakujibu kwenye jarida."

Siku ya pili yake nilimpeleka bibi kwa gari kwenye kipande chake mwenyewe, nje ya mji, alichoazimwa na Mwarabu mmoja rafiki wa marehemu mumewe. Kwa muda mrefu mavuno pale yalikuwa yakipungua, naye alikuwa akilaumu joto, mbegu, mbuzi wa jirani. Akachuchumaa, akaonja. Akakaa chini, buibui lake likajaa mchanga. "Ni mie," akasema. "Miaka yote hii, ni mie." Jioni ile akaandika nusu ukurasa kwa mkono wake na kuniagiza niuweke mbele kabisa, mahali pa picha. Mwanzo wake ulikuwa hivi: nilikosea juu ya maji, nyote mlionisikiliza mimea ikawafia, mikono yenu haina ila.

Mimi nikakataa. Sikusema nakataa, nilisema tusubiri. "Bibi, tukiweka hili mbele, watu watalitupa jarida zima."

"Walitupe. Kwani ni msahafu?"

"Tumtafute mtaalamu kwanza aeleze vizuri. Toleo lijalo, inshallah."

"Wewe una toleo lijalo," akasema. "Wenzio wana viza za miaka miwili."

Toleo lile likatoka na makala ya tangawizi. Lililofuata likatoka na makala ya uzazi na lishe. Nilijiambia kwamba ninalinda heshima yake, na kwa sehemu ilikuwa kweli. Kwa sehemu nyingine nilikuwa nimeshamfanya shujaa kichwani mwangu, na sikutaka shujaa wangu aonekane akiomba radhi. Moyo wake ulipoanza kumsumbua, alilazwa, na mara mbili aliniuliza kama sahihisho lake limetoka. Nilimjibu kwamba limo njiani. Kurasa zile nilizopanda nazo ngazi zilikuwa nalo, hatimaye, ukurasa wa sita, chini, kwa herufi ndogo.

Sasa hakuna pa kulichapa. Wanawe ni watu wa mabenki na bima, na siwalaumu. Mashine zimeshaondolewa na kiduka kimekodishwa. Jarida halikuwa na orodha ya wasomaji, kwa kuwa liliachwa tu kwenye kaunta, likapita mkono hadi mkono. Hivyo ndivyo kosa letu lilivyosafiri, likaingia Discovery Gardens kwenye vyumba vya watu sita, likavuka mpaka Sharjah, likapanda ndege na watu waliorudi kwao wakiamini kwamba wana mikosi. Sahihisho halina miguu kama hiyo. Nimezunguka migahawa mitatu nikiuliza waliokuwa wakilisoma. Wahudumu wote ni wapya.

Mmoja tu alinijia mwenyewe. Siku ya tatu, baada ya hitima, yule mlinzi alifika kutoa pole, bado yumo katika suruali ya kazi. Binti wa marehemu akamletea kahawa. Tukakaa wawili kwenye vile viti vya plastiki, na nikaona ni wajibu wangu.

"Haikuwa mkono wako," nikamwambia. "Ilikuwa maji. Chumvi ilijikusanya. Bibi aliandika sahihisho, mimi nikalizuia."

Akageuza kikombe mkononi. "Mlijua lini?"

"Wiki ile ile uliyokuja."

"Hiyo ni kabla niende likizo."

Nikamwambia ndiyo. Akanieleza bila kupandisha sauti. Alikuwa amepanga mkataba ule uwe wa mwisho, arudi Kitale alime fungu lake la shamba la baba, lile la karibu na mto. Alipofika nyumbani, ndugu zake walikuwa wakigawana. "Nikawaambia mimi shamba limenikataa, nimejaribu mara tatu. Ndugu yangu akachukua fungu langu. Nikarudi huku, nikasaini miaka mingine miwili."

"Hawezi kukurudishia?"

"Ameshajenga. Nyumba ya mawe."

"Nisamehe."

"Si mbaya." Akatazama dirishani. "Ila ungenipigia tu, mwandishi. Shosho alikuwa na namba yangu."

Mimi ninaandika riwaya, na nimezoea kudhani kwamba maneno yanaweza kungoja hadi yatakapokuwa mazuri. Yale ya bibi yule yalikuwa tayari tangu jioni aliyoyaandika, na hayakuwa yangu kuyangojesha. Nililinda jina la mtu ambaye hakuomba kulindwa, na gharama ikaenda kwa aliyemwamini. Somo ni hilo, na sijui la kulifanyia, maana yule niliyestahili kujifunza kwa ajili yake shamba lake lina nyumba juu yake.

Alimaliza kahawa yake kwa adabu, asiache hata tone. Basi la kazini lilikuwa likimngojea barabarani. Akampa pole binti wa marehemu kwa mikono miwili, akaniinamishia kichwa, akatafuta viatu vyake katikati ya vile vingi, akavivaa. Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake polepole mpaka ukafungika.