Zahanati Isiyo na Mganga

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Ngara, Mweka Hazina alinikabidhi kopo la rangi nyekundu, brashi na daftari la uthamini, yaani orodha ya nyumba na hali zake: bati au nyasi, tofali au udongo.

"Binti," akaniambia, "wenye nyumba watakuchukia. Wavumilie. Kodi hii ya majengo ndiyo inayowalipa wahudumu wa zahanati zao."

Nilizunguka Nyamiaga, huko huko Ngara, miaka mingi nikiandika namba milangoni, nikitukanwa kwa Kihangaza na kwa Kiswahili. Nikahamishiwa Biharamulo, na huko ndiko tangazo lilikonikuta: kodi ya majengo imefutwa. Watu walipiga vigelegele. Sitaficha, nami nilifurahi. Nilikuwa nimechoka kufukuzwa na mbwa.

Baada ya mwaka hivi, mkuu wangu mpya aliniita. "Zahanati ile ng'ambo ya Nyakahura haina mganga wala mhudumu tena. Kaifunge, ulete vifaa."

Nilifika saa sita mchana. Wanawake tisa walikaa barazani kwa mstari. Hata watoto mgongoni hawakulia.

"Shikamoo," mmoja akaniamkia.

"Marahaba. Mnamsubiri nani? Mganga ameondoka."

"Tunajua, mama. Tunasubiri kuitwa."

Ndani, sauti ya mwanamume ikaita: "Domitila!"

Yule mwanamke akasimama. "Ni binti yangu," akasema. "Uchungu ulimshika tukamleta hapa, tusikute mtu. Tulimzika wakati wa mahindi mabichi." Akaingia.

Nikamfuata.

Vitanda vilikuwa vitupu, vimetandikwa vizuri. Sakafu ilikuwa inang'aa. Kabatini hamkuwa na kidonge hata kimoja. Mzee Bonifasi, mhudumu aliyeachishwa kazi, alisimama na koti lake jeupe, mkononi rejesta ya zamani ya wagonjwa.

"Mzee, unafanya nini?"

"Nawaita waliokufa tangu tuondolewe. Ndugu zao wanaingia, wanalia kidogo, wanarudi shambani. Mkifunga, watalilia wapi?"

Sikufunga. Nilimweleza mkuu wangu hivyo hivyo. Akainamisha kichwa, wala hakuniuliza tena habari ya vifaa.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza kama kodi ile ilikuwa mbaya. Nakiri kwamba tuliikusanya kwa ukali, na mimi nilikuwa mkali. Kisha nawaomba waende kule, siku yoyote ya kazi, wakae barazani wasikilize majina.