Rangi Niliyoiomba Zahanatini

Juzi wanafunzi wangu wa kemia hapa Kibiti walipewa kimiminika wasichokijua, wakakichemsha na myeyusho wa Benedict, ule wa buluu, kutafuta aldehidi, kemikali ya kundi lililomo kwenye sukari kama glukosi. Ubuluu ukageuka kijani, ukawa njano, ukatulia kwenye wekundu wa tofali. "Ni sukari, Madam!" wakashangilia. Nikatoka nje.

Wekundu ule niliuona utotoni, tulipokwenda na mama zahanati kwa mtumbwi kutoka Salale. Nesi alichemsha mkojo wa mama na dawa ileile ya buluu kwenye kichupa juu ya taa ya spiriti, chumba kizima kikanuka. Nyumbani mama naye alichemsha ukindu akiutia rangi za mikeka, kwa hiyo nilidhani nesi ni msusi mwenzake.

"Mama, tuombe rangi hii!" nikasema, nikipiga makofi.

Nesi aliinamisha uso. Sasa najua kwamba wekundu ukikolea vile, sukari imezidi mno. Mama alinivuta kifuani, akinukia moshi.

"Tumeshapewa, mwanangu."

Tuliporudi alitafuta rangi nyekundu, akaanza kunisukia ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa kuwa mkeka. Ukili ule ninao bado, umeviringishwa vilevile alivyouacha. Hakuwahi kuushona.