Mchangiaji Aliyeandikwa Marehemu

Mwalimu mstaafu kutoka Karurumo aliingia ofisini kwetu Kinoru, mjini Meru, akiwa na bahasha mkononi, akauliza nani anayetunza majina ya wachangiaji. Nikamwambia ni mimi. Akaketi kabla sijamkaribisha, akaniwekea barua mezani.

"Soma," akasema. "Sisi nyumbani tumesoma tukashindwa kuelewa."

Ilikuwa barua ya rambirambi. Shirika letu dogo, linalojengea shule matangi ya maji, lilikuwa limewaandikia watoto wake kuwapa pole kwa kumpoteza mama yao. Chini palikuwa na sahihi yangu.

"Kifungua mimba wangu ndiye aliipokea, huko Embu mjini," akaendelea. "Akanipigia simu. Nilipoitika, nikamsikia analia."

Sikujua niangalie wapi. Mama huyu alikuwa akituchangia tangu nilipoajiriwa, kila alipolipwa kahawa yake. Nilimwomba msamaha, nikamwagizia chai, nikafungua kompyuta. Kweli, mbele ya jina lake paliandikwa "amefariki". Mtu akishaandikwa hivyo, mfumo hutoa barua wenyewe, na sahihi yangu imeshabandikwa humo.

Mkurugenzi alisikia mazungumzo akatoka chumbani kwake. Aliposoma barua ile, uso ulimbadilika. Akamgeukia karani wetu, msichana wa Majengo aliyekuwa akingoja kandarasi yake ya kudumu itiwe sahihi wiki hiyo hiyo.

"Wewe ndiye unaingiza majina kila siku. Ni nani mwingine angefanya hivi?"

"Sijagusa jina la Mwalimu, bosi," karani akajibu polepole.

"Basi tutaongea juu ya hiyo kandarasi."

Karani aliinamisha kichwa. Nilimwona akikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake. Zamani ningenyamaza, kwa sababu zamani nisingekuwa na la kusema. Ofisi nzima tulikuwa tukitumia neno moja la siri, limebandikwa ukutani karibu na swichi ya taa, na jambo likiharibika kila mtu alimtazama aliye mdogo. Nilipiga kelele mpaka nikachukiwa, nikitaka kila mmoja awe na neno lake, na mfumo uweke kumbukumbu ya kila badiliko: palikuwa na nini, pakawekwa nini, na nani aliweka. Wenzangu walisema nawageuza wezi. Mkurugenzi mwenyewe alikubali shingo upande.

"Bosi," nikasema, "kabla ya kandarasi, tuangalie kwanza ni nani alibadilisha."

Akavuta kiti. Karani akasimama nyuma yangu. Nikafungua historia ya jina la Mwalimu, na mstari wa juu kabisa ukatujibu. Badiliko lilifanywa kwa simu, siku ya Jumamosi, na aliyelifanya alikuwa mkurugenzi.

Mwalimu ndiye aliyeuliza, "Ni nani?"

"Ni mimi, Mwalimu," mkurugenzi akasema.

Alivua miwani, akaeleza. Jumamosi hiyo alikuwa mazishini upande wa Runyenjes, kumzika mama mwingine aliyekuwa mchangiaji wetu. Alitaka familia ipate pole mapema, kwa hivyo akatafuta jina kwenye simu akiwa pale pale, akabonyeza la kwanza lililotokea. Majina ya mama hao wawili yalikuwa sawa kabisa.

"Huyo namjua," Mwalimu akasema, na sauti yake ikalainika. "Tulikuwa kwaya moja. Kwa hivyo watoto wake hawajaandikiwa?"

Hawakuwa wameandikiwa. Nilikuwa sijafikiria hilo.

Mkurugenzi akasimama. Angeweza kumwita karani chumbani kwake wamalizane huko, lakini aliwaita wafanyakazi wote, hata wa stoo, akawaambia kosa lilikuwa lake na kwamba amemlaumu mtu asiye na hatia. Akamwomba karani msamaha mbele yetu. Karani akasema, "Nimekusamehe, bosi," kisha akatoka nje haraka, na aliporudi macho yalikuwa mekundu lakini anatabasamu. Kandarasi ilitiwa sahihi kabla ya chakula cha mchana.

Mimi niliandika barua ya pili kwa mkono wangu. Mwalimu akaomba aipeleke mwenyewe, akaiweka mkobani pamoja na ile yake, ambayo alikataa kuturudishia. "Hii nitawasomea wajukuu," akasema, na kwa mara ya kwanza tukacheka sote.

Karani ndiye aliyependekeza kwamba tangu hapo hakuna mtu atakayeandikwa amefariki mpaka wafanyakazi wawili wakubaliane. Mwezi uliofuata mimi naye tulitumwa Embu kufundisha wenzetu wa ofisi ya huko utaratibu huu. Nilikaa nyuma nikamwachia yeye ubao. Mhasibu mmoja, mzee wa heshima zake, alilalamika kwamba kufuatwafuatwa hivi ni kutoaminiana.

"Hapana, mzee," karani akamjibu. "Mimi kumbukumbu hiyo ndiyo iliniokoa."

Akawasimulia yote bila kumtaja mkurugenzi. Tulipofunga jioni, mhasibu alikuwa wa kwanza kwenye foleni, anataka neno lake la siri. Nilirudi Meru naimba kwenye gari, na siimbi vizuri.